Bonasi Iliyotufanya Tuchuniane

Nimekuwa mtu wa stoo sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nilianza kama karani wa kuandika mzigo unaoingia na unaotoka kwenye ghala la kampuni moja ya kusambaza vyakula, kando ya Barabara ya Nyerere, upande wa Vingunguti, Dar es Salaam. Nikapanda hadi usimamizi, kisha nikasogezwa ofisi ya utumishi kwa maelezo kwamba watu wa chini wananisikiliza. Kwa hiyo bahasha nimezipokea, na baadaye nimekaa kwenye vikao vya kuamua nani apewe na nani aachwe. Wakubwa wengi niliofanya nao kazi hushughulika na swali la kiasi: tutoe ngapi? Mimi huuliza kwanza nani atakuwa amesimama pembeni wakati bahasha inatolewa, na swali hilo halinipatii marafiki kikaoni.

Nitaeleza habari ya komisheni kwa kirefu, maana ndiyo iliyonifungua macho.

Wauzaji wetu walikuwa wakilipwa mshahara pamoja na posho ya mafuta ya pikipiki. Mauzo yalikuwa ya kawaida tu. Uongozi ukaona uwape motisha: kila katoni itakayotoka ghalani kwenda kwa mteja wa muuzaji fulani, muuzaji huyo apate asilimia yake. Mwezi wa kwanza ulipoisha, ofisini walipeana mikono. Oda zilikuwa zimemiminika kutoka Kariakoo, Manzese, Tandika na Mbagala.

Sisi wa ghalani tuliona kitu kingine. Oda karibu zote zilikuja wiki ya mwisho. Nusu ya kwanza ya mwezi wapakiaji wanacheza drafti chini ya mwarobaini, halafu kuanzia tarehe 24 hakuna anayepumua. Fuso na Canter zimejipanga hadi nje ya geti, kirikuu zimebanana katikati, na kila muuzaji ana simu sikioni akitaka gari lake litangulie, kwa sababu katoni itakayotoka tarehe moja haihesabiwi kwenye mwezi wake.

Mpakiaji hakuwa na chake kwenye hiyo asilimia. Ujira wake ulikuwa ule ule, gari zikiwa tatu au kumi na tatu. Mwanzoni walibeba. Baadaye wakaanza kuuliza maswali, na waliposhiba majibu yetu ya "tutaliangalia" wakaanza mgomo ambao huwezi kumwandikia mtu barua. Hakuna aliyekataa kazi. Ila toroli lilikuwa na tairi bovu ghafla. Mtu anakwenda kunywa maji, anarudi, anamwachia mwenzake naye aende. Katoni zinahesabiwa mara mbili. Nikiuliza naambiwa, kwa adabu zote, "Dada Stoo, tunahesabu vizuri tusije tukakatwa." Na kuhesabu mara mbili kulikuwa kwenye utaratibu wa ghala, umebandikwa ukutani na sahihi yangu chini yake.

Gari lililokuwa likijaa kwa saa moja likawa linachukua saa mbili na zaidi. Muuzaji mmoja akaja juu, kavaa shati lake jeupe la kuonana na wateja, anafoka kwamba wanamharibia. Mpakiaji aliyekuwa amekaa juu ya gunia la unga akamjibu bila hata kunyanyuka: "Kaka, iambie hiyo asilimia yako ije ibebe."

Ghala zima likacheka. Muuzaji hakucheka. Kabla ya hapo hao wawili walikuwa wakinunuliana chapati asubuhi.

Wauzaji wenye akili za mjini wakapata dawa yao. Wakaanza kuwapa wapakiaji ya chai mkononi. Anayetoa gari lake linatangulia, asiyetoa anasubiri. Ikawa mnada. Kulikuwa na dada mgeni aliyekuwa amepewa eneo la Kigamboni, wateja wake wadogowadogo, komisheni yake haifikii hata ya kugawana. Gari lake lilikuwa la mwisho kila mwisho wa mwezi. Nilimkuta mara nyingi jioni amekaa juu ya katoni zake za tambi, kalamu mkononi, akisubiri. Alikuwa mchapakazi kuliko wengi wa wale waliokuwa wakitangulia, na kwenye ripoti ya mwezi alionekana mzembe.

Halafu mzigo ukaanza kurudi. Wenye maduka walikuwa wamebembelezwa: chukua tu, ukishindwa kuuza tutaurudisha. Kwa hiyo katoni iliyohesabiwa kama mauzo mwezi huu inarudi mwezi ujao, biskuti zimebakiza wiki chache ziishe muda. Anayeipakua ni yule yule aliyeipakia. Kijana mmoja, nadhani kwa hasira tu, alianza kuchora alama ya X kwa makapeni kwenye kona ya kila katoni aliyoibeba tarehe za mwisho. Wiki tatu baadaye akaja kuniita nje. Palikuwa na rundo kwenye paleti ya mbao, na X zake zimejaa pembeni. Hakusema neno. Nilizipiga picha kwa simu nikapeleka juu.

Picha ile ilifanya kazi ambayo ripoti zangu hazikuifanya. Utaratibu ukabadilishwa: asilimia ikawa inahesabiwa kwa pesa iliyoingia benki, siyo katoni iliyotoka getini, na mzigo uliorudi unakatwa. Ikatengwa pia fungu la ghala na madereva, linalogawanywa kwa gari zilizotoka kwa wakati bila upungufu wala katoni iliyopasuka. Wauzaji wawili waliacha kazi. Mauzo ya kwenye makaratasi yakashuka, na mhasibu akasema hayo ndiyo mauzo tuliyokuwa nayo siku zote.

Ningependa niishie hapo, lakini fungu la pamoja nalo lina meno.

Tulikuwa na mpakiaji mzee tuliyemwita Babu. Alikuwa hawezi tena kubeba kama vijana, na kwa miaka hakuna aliyejali. Walimbebea. Yeye alikuwa mtu wa kupanga: anasimama juu ya gari na kuelekeza katoni ipi ilale, ipi isimame, mafuta yakae wapi ili mzigo usiporomoke kwenye matuta. Fungu lilipoanza, kila katoni ikawa na bei, na ghafla watu wakaanza kumhesabia Babu. Kijana mmoja wa Gongo la Mboto akanijia ofisini, akafunga mlango. "Dada, siyo kwa ubaya. Babu apumzishwe tu kwa heshima. Anatupunguzia." Kijana huyo ndiye aliyefundishwa kazi na Babu.

Wiki hiyo hiyo mwingine alikosa kazini kwa sababu mtoto wake alikuwa amelazwa. Aliporudi akakuta wenzake wameshamkata kwenye mgawo, wamekubaliana wenyewe, hakuna msimamizi aliyewatuma. Kabla ya fungu wangemchangia nauli ya hospitali. Nilikaa na hilo jambo muda mrefu. Tulikuwa tumetaka washikamane, nao wakashikamana kweli, mwenye mtoto mgonjwa na mzee wakabaki nje ya duara.

Tulichofanya hakikuwa cha ajabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku nne zenye malipo kwa ajili ya mtoto anayeumwa au msiba wa mtu wa karibu, na ina likizo ya ugonjwa yenye malipo pia. Nikaandika kwenye masharti ya fungu kwamba aliye kwenye ruhusa ya kisheria anahesabiwa yupo. Kuhusu Babu sikutaka kuomba huruma, maana mtu anayebakizwa kwa huruma husimangwa kila mwisho wa mwezi. Nilichukua daftari la katoni zilizopasuka na kuangalia gari zilizopangwa na nani. Za Babu zilikuwa zinafika salama, na kila katoni iliyopasuka ilikuwa inakatwa kwenye fungu la wote. Nikawasomea. Babu akapewa rasmi kazi ya kupanga mzigo na mgawo sawa na wengine. Wapo walionung'unika. Yule wa Gongo la Mboto alinyamaza, na wiki iliyofuata nikamwona juu ya gari akielekezwa.

Nilikuja kusoma masomo ya jioni ya utawala wa watumishi, na huko nikakutana na nadharia ya Frederick Herzberg, mwanasaikolojia. Yeye na wenzake walihoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani, na mwaka 1959 wakatoa hoja kwamba mshahara, usimamizi na mazingira ya kazi vikiwa vibaya humchukiza mtu, ila vikiwa vizuri havimtii ari. Ari inatoka kwenye kazi yenyewe, kutambuliwa na kupewa dhamana. Darasani wenzangu waliandika bila kuinua vichwa. Mimi nilibaki najiuliza majibu yangekuwaje kama wangehojiwa vibarua wa Vingunguti. Mtu ambaye nauli yake ya kesho inatoka kwenye ujira wa leo, usimwambie mshahara ni jambo la mazingira. Aliyenikaa kichwani ni mwanasaikolojia mwingine, John Stacy Adams, aliyeandika mwaka 1963 kwamba mtu hupima anachotoa na anachopata, halafu hujilinganisha na mwenzake, na akiona amepunjwa hutafuta njia ya kusawazisha, mojawapo ikiwa ni kupunguza juhudi. Mwalimu alipokuwa anaeleza hayo nilikuwa namwona mpakiaji akihesabu katoni zake kwa mara ya pili.

Kujilinganisha hakuishii getini. Mei Mosi ya 2025, kule Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitoke shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Sisi ni sekta binafsi, tuna viwango vyetu vinavyopangwa kwa amri nyingine. Mweleze hivyo mtu aliyesikia tangazo redioni akiwa na mke wake! Kesho yake asubuhi nilikuta watu watano mlangoni kwangu kabla sijaweka mkoba chini.

Na Mei Mosi ndiyo siku ya mfanyakazi bora. Sisemi zawadi hiyo ni mbaya. Chanda chema huvikwa pete, na nimeona watu waliotunza cheti kile ukutani hadi fremu ikaliwa na mchwa. Tatizo letu lilikuwa kwamba hakuna aliyejua bora anapatikanaje. Mwaka mmoja alichaguliwa karani wa ofisini, mtu mwema kabisa, mwenye sifa ya kuwahi. Alipewa cheti na bahasha mbele ya watu. Alipopita ghalani kusalimia akapigiwa makofi matatu, ya nne haikusikika. Mtu anauliza kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika: "Kwani huyu alibeba nini?" Jumatatu yule ndugu akaagiza pilau na soda za watu wote kwa pesa zake. Nadhani sehemu kubwa ya bahasha iliishia hapo. Aliniambia, "Dada, bora nile nao kuliko nikae nayo peke yangu." Tangu hapo, kila idara hupendekeza na kusema sababu mbele ya watu, na sababu zinabandikwa. Kelele hazijaisha, ila sasa mtu anabishana na karatasi ya ukutani, hamnunii mwenzake.

Chakula nitakipita haraka. Tulikuwa na mama aliyepika wali na maharage ghalani, kampuni inalipa. Baadaye wafanyakazi wakaomba wapewe pesa taslimu, wakapewa. Watu wanakula muhogo wa kuchoma, kinachobaki wanapeleka nyumbani. Benchi la chini ya mwarobaini likapungua watu. Wapo wakubwa waliosikitika kwamba umoja umekufa, lakini mimi sikuweza kumlaumu baba mwenye watoto wanne kwa kuchagua pesa.

Jambo ambalo ofisi haikuliona kabisa ni tarehe ya mshahara. Ghalani kulikuwa na mchezo wa kuchangiana pesa kila mwezi, kijumbe, yaani mkusanyaji, akiwa dada wa usafi. Kila mmoja anatoa siku ya mshahara, mmoja anapokea chungu kizima, zamu zimepangwa kwa kura. Mchezo ule ulikuwa na wauzaji, madereva, wapakiaji na mlinzi, na nadiriki kusema uliwaunganisha kuliko ile safari ya Bagamoyo tuliyolipiwa na kampuni na kuvalishwa fulana. Watu waliezekea nyumba Chanika kwa ule mchezo.

Kuna kipindi kampuni iliyumba. Mshahara ukatoka mwisho wa mwezi ukaenda tarehe 7, kisha 12. Wenye akiba walitoa kwa wakati, wasio nayo hawakutoa. Dereva mmoja aliyekuwa na zamu alikuwa ameshamwahidi fundi wa bati, akapata nusu ya alichotegemea. Hakumfuata mkurugenzi. Alimfuata kijumbe, na maneno yaliyosemwa pale nje ya choo cha wafanyakazi siwezi kuyaandika. Wenye kutoa wakawachunia wasiotoa. Ofisini tulipokaa kutathmini athari za kuchelewesha mishahara tuliorodhesha utoro, madeni na barua ya chama cha wafanyakazi. Mchezo haukutajwa, kwa sababu hauko kwenye faili lolote. Fedha zilipokaa sawa na mshahara kurudi kwenye tarehe yake, mchezo haukurudi. Kijumbe alikataa: "Siwezi kugombana na watu kwa pesa ambayo hata mimi sijaila."

Siku hizi, nikisikia mtu anapendekeza bonasi mpya wakati mshahara hauna tarehe, namwomba aanze na tarehe.

Msiba nao ni marupurupu, japo haumo kwenye mkataba. Kampuni yetu ilikuwa na kiwango cha rambirambi na gari la kwenda maziko, kwa wafanyakazi wa kudumu. Baba wa kibarua mmoja alifariki Kisarawe. Kwa utaratibu hakustahili kitu, tukachangishana mezani. Meneja wa fedha, mtu ambaye ghalani walimwogopa kama ukaguzi, alitoa gari lake, akabeba watu sita, akakaa jamvini hadi maziko yalipokwisha. Hakuhutubia. Kesho yake niliulizwa na wapakiaji zaidi ya mmoja kama ni kweli alikaa chini. Tangu siku ile, karatasi za meneja yule zilikuwa zinajibiwa siku hiyo hiyo. Kwenye msiba wa mzazi wa mtu wa ofisini, miezi michache baadaye, yalikwenda magari mawili ya kampuni, na hilo nalo lilihesabiwa na watu wale wale.

Hao vibarua ndio wananinyima usingizi sasa. Wa kudumu anakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri anaongeza 10 yake, ana bima, ana likizo ya siku 28. Kibarua anasimama naye bega kwa bega kwenye gari lile lile na hana hata kimoja. Desemba iliyopita tulikuwa tunapanga kapu la sikukuu: mchele, mafuta ya kupikia na sukari. Orodha iliyoletwa kwangu ilikuwa ya wa kudumu peke yao. Nikaongeza majina ya vibarua kwa kalamu, nikaenda kwa mkurugenzi.

"Wanaongeza kiasi gani?" akauliza.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu, nikamwekea mezani. Nikamwambia pia kwamba magunia yenyewe yatashushwa na vibarua, kwa hiyo wataona kila kilo inakwenda kwa nani. Alisoma mara mbili, akachukua kalamu, akapitisha mchele na sukari. Mafuta akayafuta, akasema bei imepanda, tuyaangalie mwakani.

Tuligawa Jumamosi. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, mwakilishi wa vibarua alikuwa mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Shikamoo, Dada. Wamenituma nishukuru. Mchele ni mzuri."

"Marahaba. Karibuni."

Hakuondoka. "Na wameuliza habari ya mafuta."

Nilimwonyesha faili. Bado lilikuwa mezani.